Herufi Sita za Urambo

Wageni wa klabu ya Kiingereza hapa Tabora huanza kutafuta maneno kwa herufi walizopewa kabla hawajajua wanatafuta nini. Ukiambiwa "tafuta maneno yenye R, M na B", umepewa maswali manne kwa mkupuo. Huenda neno linatakiwa liwe na herufi hizo popote, pamoja na nyingine zozote: hapo NUMBER na MEMBER yanapita. Huenda linatakiwa liundwe kwa herufi ulizopewa tu, bila kulazimika kuzitumia zote. Huenda zote zitumike na isiongezwe hata moja. Au zifuatane kwa mpangilio uleule, na hapo RAMBLE linapita lakini NUMBER halipiti. Uliza kwanza. Maksi nyingi hupotea hapa kuliko kwenye msamiati.

Kwa mazoezi, majina ya miji ya huku kwetu na ya njia ya kwenda Kigoma yanatosha. Chukua Urambo, kwa swali la pili, la kutumia herufi ulizopewa tu. Usiandike herufi kwa mstari, maana utaendelea kuona Urambo tu. Kata vipande sita vya manila, andika herufi moja kila kipande, kisha weka irabu A, O na U katikati na B, M na R kuzizunguka.

Kikwazo cha kwanza ni Kiswahili chenyewe. Jicho litakuletea OMBA, UMBO na MBAO kabla ya neno lolote la Kiingereza, kwa kuwa limezoea silabi zinazoishia na irabu. Ndiyo maana wengi hupata RUMBA haraka (mtu wa Kigoma hahitaji kufafanuliwa hilo), wengine UMBRA, ile sehemu ya kivuli yenye giza kamili jua linapopatwa, halafu wanakwama. Dawa yake ni kuweka konsonanti mwishoni kwa makusudi, moja baada ya nyingine. R ikikaa mwisho unapata BOAR na OUR. M inakupa ROAM, ARM na RUM. B inakupa ROB na RUB. Baada ya hapo ndipo urudi kwenye irabu. Na kama ulimi wako unachanganya R na L, usitafute kwa sikio: LAMB halimo, kwa sababu Urambo haina L.

Ukiona I, N na G zimekutana, kama kwenye Sikonge, zisogeze pembeni pamoja. Ongeza S mbele yake upate SING, K upate KING, E na K upate EKING. Fanya hivyo pia kwa ER, ED na EST. Lakini usiking'ang'anie kiambishi kikigoma. SKEIN na NOSE zimo kwenye herufi hizohizo na hazihitaji ING. Nzega uianzie kwenye Z, kwa kuwa herufi adimu ina njia chache: GAZE hiyo. Kaliua, yenye irabu nne kwa konsonanti mbili, itakupa AIL na ILK. Usiipotezee jioni nzima.

Swali la tatu, la kutumia herufi zote, lina njia yake na ni nzuri mno. Panga herufi za kila neno kwa alfabeti. RUMBA inakuwa ABMRU, na UMBRA nayo inakuwa ABMRU. Maneno yenye herufi zilezile hupata ufunguo uleule. Tenga daftari la safu mbili, ufunguo kushoto na maneno kulia. Kwenye AGIMO, herufi tano za Kigoma bila K, andika AMIGO na IMAGO. Hilo la pili ni mdudu aliyekwisha kukomaa. Kwa wachezaji wa Scrabble, mchezo wa kupanga maneno ubaoni kwa vipande vya herufi, daftari hili lina faida ya ziada: jaribu kuongeza herufi moja kwenye ufunguo. ABMORU, yaani Urambo, ukiongeza A unapata MARABOU, yule korongo mwenye mfuko shingoni. Ukiongeza T unapata TAMBOUR, aina ya ngoma. Yote mawili yana herufi saba, na kumaliza vipande saba kwa mkupuo ni pointi 50 za ziada.

Kwenye kompyuta unahitaji faili la maneno matupu, neno moja kila mstari, na amri ya grep, inayochuja mistari yenye herufi unazotaka. Kwa swali la kwanza, la herufi popote, unaunganisha amri kwa alama |: grep r maneno.txt | grep m | grep b. Kurudia herufi ileile hakudai herufi mbili. Grep a | grep a ni sawa na mara moja tu. Anayetaka A mbili aandike grep 'a.*a'.

Kwa swali la pili watu huandika grep '^[abmoru]*$' na kushangaa BAMBOO na AROMA zikijitokeza. Mabano yale yanasema herufi zipi zinaruhusiwa, hayasemi mara ngapi. Endeleza kwa | grep -v '\(.\).*\1', nayo itatupa kila neno lenye herufi iliyojirudia. Ukiona hakuna jibu hata moja, faili huenda limetoka Windows na kila mstari una alama iliyojificha mwishoni, hivyo $, alama ya mwisho wa mstari, haigusi herufi ya mwisho. Safisha kwa tr -d '\r'. Herufi kubwa zigeuze ndogo kabla ya yote.

Kichujio hicho kinafaa kwa Urambo kwa kuwa hakuna herufi inayojirudia. Ukikipeleka kwenye Tabora, yenye A mbili, kitabakiza TABOR, ngoma ndogo, na ABORT, lakini kitaitupa AORTA, ambayo ni halali kabisa. Hapo kataza moja moja: grep -v 'a.*a.*a', kisha 'b.*b', 'o.*o', 'r.*r' na 't.*t'.