Lushoto hadi Lukozi kwa miguu: maswali ya siku ya kwanza

Safari ya siku tatu ya Usambara Magharibi, yaani Lushoto hadi Lukozi, Lukozi hadi Rangwi, Rangwi hadi Mtae, imeleta maswali mengi, na karibu yote ni ya siku ya kwanza. Haya hapa majibu.

Basi la kutoka Dar linatushusha Lushoto saa 9 alasiri. Tuanze siku hiyo hiyo?

Msithubutu. Jua linazama saa 12 na nusu hivi, na giza la msituni halibishi hodi. Laleni mjini, mtoke saa 1 asubuhi. Tengeni muda wa saa 6 hadi 7 za njiani pamoja na mapumziko, mfike mchana mkiwa na muda wa kutafuta gesti na kuanika soksi.

Kutoka mjini kwenda msitu wa Magamba ni kupanda, na hapo ndipo watu wa pwani wanapojimaliza. Lushoto ipo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapo hakuna ugonjwa wa mwinuko, ni kifua tu hakijazoea vilima. Saa ya kwanza nendeni mwendo wa kuongea bila kukatisha sentensi. Mkisikia mwenzenu mpiga soga amenyamaza, punguzeni.

Jingine: mkiuliza kama bado mbali mtajibiwa "ni hapo tu". Mwenyeji hadanganyi, anapima kwa miguu yake. Muulizeni yeye hutumia muda gani, kisha mwongeze nusu yake.

Begi langu lina kilo 14. Nitaweza?

Utaweza hadi Magamba, baada ya hapo utalichukia. Mtu anayelala gesti zinamtosha kilo 7 au 8, maji yakiwemo. Toa jinzi, taulo nene na viatu vya akiba, ila sweta libaki, hasa Juni hadi Agosti. Basi la alfajiri la kurudi kutoka Mtae linapita Lushoto, hivyo mzigo wa ziada uombe nafasi gesti uliyolala.

Kulivaa nako kuna utaratibu. Legeza mikanda yote, funga wa kiunoni kwanza ukae juu ya mifupa ya nyonga, ndipo uvute ya mabegani. Mabega yakiuma, mara nyingi mkanda wa kiunoni umeshuka.

Nifanyeje nisipate malengelenge?

Lengelenge linatokana na msuguano, na jasho linauzidisha kwa sababu ngozi iliyolowa hulainika. Buti mpya kabisa usije nazo. Zivae wiki mbili kabla, hata sokoni. Kucha zikate siku mbili tatu kabla ya safari, maana kwenye mteremko vidole husukumwa mbele na kucha ndefu hugonga kiatu hadi ziwe nyeusi. Kabla ya kushuka, kaza kamba za kiatu kwenye kifundo ili kisigino kisicheze.

Ukisikia sehemu inawaka moto, simama hapo hapo. Usisubiri kivuli wala kilele. Vua kiatu, kung'uta mchanga, futa mguu ukauke kabisa, bandika plasta pana isiyo na mkunjo hata mmoja, vaa soksi kavu. Ni dakika 5. Ukipuuza, jioni utakuwa na lengelenge la ukubwa wa shilingi, na Rangwi utaiona kwa bodaboda. Likishatokea na ni dogo, lifunike bila kulipasua. Kubwa linalozuia kutembea litobolewe pembeni kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, maji yakamuliwe, ngozi ya juu iachwe ilivyo.

Maji ya mito yananyweka?

Mashamba na nyumba ziko juu ya vijito vingi, kwa hiyo hapana. Toka na lita 2 au 3. Ukilazimika kuchota, chuja kwa kitambaa safi, kisha weka dawa ya maji kwa kipimo cha pakiti na usubiri nusu saa. Kwenye maji ya tope dawa hupungua nguvu, ndiyo sababu kuchuja kunatangulia.

Lazima tuwe na kiongozi?

Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Malipo ya kuingia yamalizeni mjini kabla ya kuondoka, na mtunze risiti. Kiongozi chukueni. Vijia vya mashambani vinagawanyika kila hatua, na vingi vinaishia uani kwa mtu.

Na mvua ikitukuta?

Machi hadi Mei ahirisheni. Udongo mwekundu ukilowa hunata kwenye soli, buti inakuwa nzito na inateleza. Mvua ya ghafla miezi mingine, vaeni makoti mapema kabla hamjalowa, na nguo za kulalia ziwe ndani ya mfuko usiopitisha maji. Ukungu ukishuka hadi hamwoni kijia, shikeni barabara ya magari inayokwenda Lukozi. Haina mandhari ya msitu, lakini haipotezi mtu.