Wasimulizi wawili, kumbe wote mimi

Riwaya yangu ya kwanza ilikuwa ya mume na mke wa Ngamiani hapa Tanga, sura hii anasimulia mume, inayofuata mke, na mimi nikajiona fundi kweli. Nikampa dada asome tumekaa barazani. Akaziba jina lililo juu ya sura kwa kidole gumba, akasoma mistari kama kumi, akaniuliza, "Haya, hapa anaongea nani?" Wallahi nikakwama mwenyewe! Wote walikuwa mimi, mmoja kavaa kanga mwingine kikoi.

Kosa langu nilidhani sauti ni maneno tu, mume nikamjazia "aisee", mke "jamani", nikaona nimemaliza. Kumbe sauti inaanzia kwenye kile mtu anachokiona na anachokiruka.

Nikarudi kwenye usiku mmoja tu, ule mume anarudi saa saba. Yeye anasimulia baiskeli, mnyororo ulikatika Raskazone, akahangaika nao gizani, mikono grisi tupu, ikabidi anawe na sabuni bombani kwa watu. Mke baiskeli haitaji hata mara moja, yeye anasema mume wangu kaingia saa saba usiku ananukia sabuni. Basi. Sikuongeza neno, maana msomaji keshaanza kuhangaika na roho yake. Na mume kazini kwake ni bandarini, kutoka bandarini kuja Ngamiani hupiti Raskazone, ila yeye hilo halielezi, analipita kama halipo. Kwenye riwaya za saikolojia utamu upo hapo, mtu anajificha huku anaongea.

Mwandishi Gillian Flynn kwenye riwaya yake Gone Girl (2012) kaucheza mchezo huu kibabe, mume anasimulia, mke tunamsikia kwenye shajara, ukifika katikati unakuta shajara yenyewe ya kutunga (samahani kama hujaisoma).

Kingine, usirudie tukio zima mara mbili. Mi nilirudia, inachosha balaa, nikafyeka kurasa nyingi tu. Msimulizi wa pili agusane na mwenzie kidogo halafu aende mbele. Na mimi kilichonisaidia zaidi niliandika sura zote za mke mfululizo mpaka mwisho, ndo nikaanza za mume, kuzichanganya baadaye.

Juzi dada kasoma tena, kidole palepale juu ya jina. "Huyu mke," akasema. Akafunua kurasa mbili tatu. "Sasa we, huyu mwanaume Raskazone alifuata nini?"

Nikaenda kubandika chai.