Chama kidogo, ugonjwa mkubwa: ushauri kwa viongozi wa wafanyabiashara wadogo

Tangu vizuizi vya UVIKO-19 viishe, viongozi wa vyama vidogo vya wafanyabiashara huniuliza swali lilelile: ugonjwa mwingine ukizuka, tutapata wapi fedha za kuwagawia wanachama? Nilikuwa katibu wa chama cha namna hiyo kipindi chote cha vizuizi, na jibu langu huwa haliwafurahishi. Fedha za chama hazitatosha. Kwetu hazikutosha, na sijasikia chama ambacho zilitosha. Lakini chama kidogo kina mambo mawili ambayo benki na serikali hazina: kinawajua watu wake mmoja mmoja, na kinaweza kusema kwa niaba yao wote kwa sauti moja. Mambo hayo mawili yakitumika mapema, yanaokoa biashara nyingi kuliko sanduku la michango.

Neno mapema hapa lina maana ya wiki mbili au tatu, basi. Taasisi ya utafiti ya benki ya JPMorgan Chase ilichunguza akaunti za karibu biashara ndogo 600,000 nchini Marekani na mwaka 2016 ikatoa matokeo: mauzo yakikatika, biashara ya wastani ilikuwa na fedha za kujiendesha kwa siku 27. Migahawa ilikuwa na siku 16. Na hao ni watu wenye akaunti benki, katika nchi tajiri. Shirika la Kazi Duniani linahesabu zaidi ya watu bilioni 2 wanaofanya kazi katika sekta isiyo rasmi, na wengi wao chakula cha jioni kinatokana na mauzo ya asubuhi. Kamati inayokaa mwezi mzima ikijadili namna ya kusaidia inawajadili watu ambao mtaji wao umeshaliwa.

Kwa hiyo anza na daftari. Najua hakuna anayechangamka akisikia habari ya daftari, ila ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko yote, kwa sababu misaada mikubwa ikija huwafuata waliokwisha kuandikwa mahali. Aprili 2020 Marekani ilitenga dola bilioni 349 za mikopo ya kulinda mishahara ya biashara ndogo. Maombi yalianza kupokelewa tarehe 3, na kufikia tarehe 16 fungu lote lilikuwa limekwisha. Maombi yalipitia benki, na benki nyingi zilianza na wateja wao wa siku zote. Mwenye duka asiye na mazoea na benki yoyote alibaki kwenye foleni hadi serikali ilipoongeza fedha, na mwishoni mwa Mei ikatenga bilioni 10 zipitie taasisi ndogo za mikopo zilizo karibu na watu wa namna yake.

Togo ilipitia njia nyingine. Mpango wake wa Novissi, ulioanza Aprili mwaka huohuo, ulituma fedha moja kwa moja kwenye simu za wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi. Serikali iliwatambua kwa kutumia daftari la wapiga kura, kwa kuwa lilionyesha kila aliyeandikishwa anafanya kazi gani. Ulikuwa ubunifu mzuri, na unaonyesha pia kwamba serikali ikiwa na haraka hushika orodha yoyote iliyo karibu. Fanya orodha yako iwe mojawapo ya zile zilizo karibu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa India. Juni 2020 nchi hiyo ilianzisha PM SVANidhi, mkopo wa mtaji wa hadi rupia 10,000 kwa wachuuzi wa mitaani. Mchuuzi asiye na cheti cha uchuuzi alitakiwa apate barua ya kumtambulisha kutoka mamlaka ya mji, na miongoni mwa vielelezo vya kuombea barua hiyo ni uthibitisho wa uanachama katika chama cha wachuuzi. SEWA, chama cha wanawake waliojiajiri kilichoanzia Ahmedabad mwaka 1972, kilikuwa miongoni mwa vyama vilivyotajwa. Ada ya uanachama iliyolipwa miaka kadhaa nyuma, bila mtu kufikiria mlipuko wowote, ikawa tiketi ya kupata mtaji.

Daftari lenyewe liwe na nini? Jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, na namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina hilohilo. Usilipuuze hili. Fedha zinazotumwa kwa simu hukwama pale namba inapokuwa imesajiliwa kwa jina la mume, la shemeji au la mtoto aliyekwisha kuhama. Kisha aina ya biashara, idadi ya wanaofanya kazi pale na jina la mwenye jengo. Halafu deni: anadaiwa na nani, na tarehe ya marejesho ni ipi. Hapo ndipo watu hugoma, na wana haki ya kugoma. Orodha ya wadaiwa ikiangukia mikono isiyofaa huwa silaha, na wapo wanaoogopa kwamba jina lao litaishia kwa mtoza ushuru. Sisi tulitenganisha: daftari la majina na simu lilijulikana na kamati nzima, taarifa za madeni zilishikwa na watu wawili waliochaguliwa na wanachama wenyewe, na hakuna aliyelazimishwa kuandika. Baada ya wachache kuona faida, wengine walikuja bila kuitwa.

Faida hiyo ilitokana na mazungumzo na wadai, na hapa ndipo chama kinapoonyesha thamani yake. Mpangaji mmoja akienda kwa mwenye jengo kuomba nafuu, anaonekana msumbufu. Wapangaji wa safu nzima wakileta barua moja, mwenye jengo anafikiri tofauti, kwa sababu anajua kwamba akiwafukuza wote wakati wa vizuizi hatapata mwingine wa kuingia. Msimwombe asamehe. Neno hilo humfanya mtu ajihami. Ombeni jambo linalopimika: nusu ya kodi kwa miezi mitatu, nusu nyingine igawanywe katika miezi kumi na miwili itakayofuata, na asiongeze kodi katika kipindi hicho. Mkikubaliana, iandikwe na isainiwe siku ileile. Wapo watu wema kabisa wanaosahau walichosema pindi wateja wanaporudi.

Kwa wakopeshaji inatakiwa umakini zaidi, kwa sababu neno la nafuu lina sura mbili. Ipo nafuu ya kusimamisha marejesho na riba pamoja, na ipo ya kusimamisha marejesho huku riba ikiendelea kuhesabiwa. Chukua deni la 100 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Miezi mitatu ya mapumziko ya aina ya pili inakurudisha ukidaiwa kama 106, kabla hujauza chochote. Si lazima kuikataa, maana mara nyingine ni hiyo au mali ikamatwe, lakini mwanachama aijue kabla ya kusaini. Tulikuwa na mama mmoja, mhasibu mstaafu, aliyekaa na kila mwanachama aliyeletewa karatasi ya nafuu na kumpigia hesabu mbele yake. Sidhani kama kuna fedha yoyote tuliyotoa iliyofanya kazi kubwa kuliko saa zile za yule mama. Kama chama chako kina mtu wa namna hiyo, mtafute leo na umpe kiti.

Sasa tuje kwenye sanduku lenyewe. Vikundi vya kuweka na kukopa vilivyoenea Afrika nzima, ambavyo mfumo wake ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, huwa na mifuko miwili: wa mikopo, na wa jamii, yaani wa kusaidiana kwenye shida. Tofauti hiyo ina maana kubwa kuliko inavyoonekana siku za kawaida. Wakati wa mlipuko, tumia mfuko wa jamii kwanza na utoe bila kudai. Kumkopesha mtu ambaye mlango wa duka lake umefungwa kwa amri ni kumwongezea deni ambalo hana cha kulilipia. Mkopo una wakati wake, nao ni pale mlango unapofunguliwa na anahitaji kujaza rafu upya. Watu huniambia kwamba kutoa bure kunazoesha watu vibaya. Kwa miaka niliyokaa kwenye uongozi, waliozoea vibaya niliowaona walikuwa wachache sana, na walikuwa na tabia hiyo hata kabla ya ugonjwa.

Toeni kidogo, kwa haraka, na kwa kiwango sawa kwa wote walio katika hali moja. Kamati ikianza kupima nani ana shida zaidi ya nani, wiki zinakatika na ugomvi unaingia. Na msifiche: taja kiasi kilichotoka na idadi ya waliopewa, ila majina yabaki ndani.

Halafu kuna shinikizo la kuvunja kikundi na kugawana akiba kabla ya muda. Litakuja, tena mapema. Viongozi wengi hulipinga kwa nguvu zote, wakidhani wanalinda kikundi. Mimi naona ni bora kugawa sehemu kubwa ya akiba kuliko kung'ang'ania, kwa sababu fedha ni za wanachama na hii ndiyo siku waliyokuwa wakiiwekea. Muhimu ni kiasi kidogo kibaki, vitabu vifungwe vizuri, na tarehe ya kuanza upya itajwe siku hiyohiyo. Kikundi kilichogawana kwa amani kinarudi. Kile ambacho watu walipigania fedha zao hadi wakakosana ni shida kukifufua.

Kuhusu semina za ujasiriamali wakati watu hawauzi, nitasema kwa ufupi: ziahirisheni. Mfadhili akisisitiza, mwombe fungu hilo liende kwenye vocha za simu ili wanachama waweze kupokea oda. Mara nyingine anakubali.

Kuna msaada ambao haupewi nafasi ya kutosha, nao ni kununua. Shirika la World Central Kitchen, lililoanzishwa na mpishi José Andrés, lilipotaka kulisha watu mwaka 2020 lililipa migahawa midogo ipike milo hiyo. Mwenye njaa alikula, mpishi akabaki na kazi, na muuza mboga akapata mteja. Chama kinaweza kusukuma jambo hilohilo kwa kipimo chake. Wakati wa mlipuko, hospitali, ofisi za serikali na mashirika ya misaada hununua chakula, sabuni, barakoa, sare na usafiri kwa wingi. Fundi cherehani mmoja hawezi kuchukua oda ya barakoa elfu tano. Mafundi ishirini chini ya jina la chama wanaweza, ilimradi awepo mtu mmoja anayekagua kila kipande na kukataa kibovu bila kuangalia sura. Ulizeni pia masharti ya malipo kabla ya kushona hata uzi mmoja. Taasisi kubwa inaweza kulipa baada ya miezi, na mwenye mtaji wa wiki mbili hawezi kuikopesha.

Jambo la afya yenyewe wengi hulichukulia kama kazi ya wengine. Mteja haji kwa sababu amri imeondolewa. Anakuja akiamini hataugua. Kwa hiyo chama kiwe cha kwanza kumwita ofisa wa afya na kumuuliza swali moja la msingi: ugonjwa huu unapitia wapi? Majibu hayafanani. Kipindupindu hupita kwenye maji na chakula kilichochafuliwa. Ebola hupita kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti. UVIKO-19 hupita zaidi kwenye hewa. Mwaka 2020 fedha nyingi ziliteketea kwenye mashine za kupulizia dawa kuta na bidhaa, lakini Aprili 2021 Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani kikaeleza kwamba uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa sehemu yenye virusi kwa kawaida ni chini ya 1 kati ya 10,000. Madirisha yaliyo wazi yangefaa zaidi, na hayauzwi. Ukiwa na kipindupindu mambo yanageuka: dirisha halikusaidii, maji safi, sabuni na choo ndivyo vya kuchangia. Chama kinachotumia dawa ya ugonjwa uliopita kupambana na ugonjwa mpya kinapoteza fedha na kinapoteza wateja.

Wasisahauliwe wasio na jina kwenye daftari. Mwenye duka ni mwanachama, lakini kijana anayemsaidia kuuza si mwanachama, na yeye ndiye anayeachishwa kwanza. Sisi tuliweka sharti kwamba atakayepokea kutoka mfuko wa jamii ataje wasaidizi wake, na sehemu yao itumwe kwenye simu zao wenyewe. Baadhi ya wenye maduka walinuna. Sharti halikuondolewa.

Na kuna hatari ya mwishoni, ambayo inawakuta watu wakiwa wameshashukuru. Nafuu zote mlizoomba zinaisha karibu wakati mmoja: kodi iliyoahirishwa, marejesho ya mkopo, ada za shule, leseni. Mauzo yanakuwa yameanza kurudi, lakini hayajafika yalipokuwa. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba UVIKO-19 si dharura ya kimataifa tena, miaka mitatu na zaidi tangu litangaze dharura hiyo, na wapo waliokuwa bado wanalipa madeni ya mwaka wa kwanza. Rudini kwenye daftari miezi miwili kabla ya nafuu kuisha, mpange tarehe za kila mwanachama kwenye ukurasa mmoja, na mkiona zimegongana, mrudi kwa mdai mmojawapo kumwomba asogeze yake. Anzeni na yule aliyekuwa mwepesi kukubali mara ya kwanza, na mwende na risiti za kila mlichokwisha kumlipa.