Watoto wa nguruwe wanaharisha wakiachishwa ziwa? Anza na sakafu

Nina majike sita hapa Mbozi, na kwa karibu mwaka mzima nilizika watoto wa nguruwe. Walikuwa wazuri mpaka siku ya kuachishwa kunyonya. Siku ya nne au ya tano ningekuta mikia imelowa, kinyesi cha maji cha rangi ya njano, nywele zimesimama, mbavu zimeanza kuonekana. Wengine, tena wale wanene kuliko wenzao, walivimba kope, wakayumba, wakaanguka. Nilidhani wamekula sumu.

Nilikimbilia duka la dawa za mifugo. Nilichoma sindano banda zima, dozi nikikadiria kwa macho. Mara ya kwanza kuhara kulikoma. Mara ya tatu dawa ileile haikufanya kitu, na hilo linaniuma mpaka leo, maana mimi mwenyewe ndiye niliyewazoesha bakteria dawa.

Bwana mifugo alipompasua mmoja na sampuli ikapelekwa maabara, jibu lilikuwa E. koli, bakteria wa utumbo. Akaniuliza, "Chumba hiki mara ya mwisho kimekaa kitupu lini?" Sikuwa na jibu. Walikuwa wakitoka watano, wanaingia saba, na wadogo wanalala penye mavi ya wakubwa.

E. koli wako kwenye utumbo wa kila nguruwe, ila aina chache tu ndizo zinazoua. Zina vinyweleo vya kushikilia ukuta wa utumbo, halafu zinatoa sumu inayovuta maji ya mwili. Mtoto anaponyonya, maziwa ya mama yanamkinga. Siku unayomtoa mama, kinga hiyo inakatika, chakula kinabadilika, baridi inaingia, na ukimchanganya na wageni anapigana usiku kucha. Akiangukia sakafu iliyojaa vijidudu, hana pa kuponea. Wale wa kope zilizovimba walikuwa na E. koli pia, ila sumu yake huharibu mishipa ya damu.

Kwa hiyo nilibadili ratiba kwanza. Sasa majike matatu nayaachisha siku moja. Kwa kawaida hurudi kwenye joto, yaani kutaka dume, ndani ya siku 4 hadi 7, yanapandwa wiki moja, na baada ya siku 114 hivi yanazaa kwa pamoja. Watoto wanakua rika moja, wanatoka wote, chumba kinabaki kitupu.

Kusafisha kuna mpangilio, usiuruke. Kwangua mavi yote, osha kwa maji na sabuni, suuza, acha pakauke, ndipo unyunyize dawa ya kuua vijidudu au upake chokaa. Ukimwaga dawa juu ya mavi umetupa pesa, kwa sababu uchafu unaidhoofisha. Kisha acha chumba kikauke tena, siku saba kwangu ndiyo kiwango cha chini. Wakati wa masika naongeza siku na kuwasha jiko la mkaa humo, madirisha yakiwa wazi.

Siku hizi naachisha wakiwa na wiki sita. Anayehama ni mama. Watoto wanabaki palepale wiki moja zaidi, na maranda makavu ya kulalia, chakula kilekile walichoanza kuonja wakinyonya, kidogo kidogo mara nne kwa siku. Anayeharisha namtenga na kumpa maji safi lita moja yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, huku nikimwita mtaalamu. Dawa nachoma kwa uzito na kumaliza siku zote alizoandika.

Ila si kila kuhara ni huku. Nguruwe wa miezi mitatu akitoa kinyesi chenye damu na makamasi, fikiria ugonjwa mwingine wa bakteria, unaoletwa na panya au na nguruwe uliyemnunua akionekana mzima. Mgeni mtenge wiki nne. Na wakubwa wakianza kufa kwa homa kali, masikio yamewiva wekundu, usichinje wala usiuze: inaweza kuwa homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haina tiba. Toa taarifa siku hiyohiyo.

Chumba changu cha watoto leo kina siku ya nane kikiwa kitupu. Pembe moja, karibu na bomba, bado ina unyevu. Watasubiri.