Tunawakalia kooni walio nje, tunawanyamazia walio ndani

Mhariri, swali lenu la wiki liliuliza kama Mkristo anaweza kuishi vizuri na mtu ambaye anaamini mwenendo wake ni dhambi, bila kuonekana ameibariki dhambi hiyo. Jibu langu: anaweza, tena anatakiwa. Kinachonisumbua ni jinsi tunavyochagua wa kumvumilia na wa kumsulubisha. Hapo mizani yetu, angalau huku Dodoma ninakosali, ni mbovu.

Nina vyumba vya kupangisha Nkuhungu, hapahapa Dodoma mjini. Tangu mwaka 2016, serikali ilipoanza kuhamia huku kweli (uamuzi wenyewe ulipitishwa mwaka 1973, sisi tukaukulia na kuuzeekea kama hadithi), mji umepokea watu wa kila aina, na mara nyingi mwenye nyumba huwajua kabla ya mchungaji. Kwangu yupo dada anayehudumu baa. Anashuka kwenye bodaboda saa nane za usiku, saa nyingine tisa, ndipo anafungua geti. Chumba cha kona wanakaa kijana na binti ambao hawajafunga ndoa. Kanisani tunawaita watu wa uchumba sugu. Serikali ina upole zaidi, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema watu wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi hadi wakajulikana kama mume na mke, itachukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Mama mmoja tunayesali naye aliwahi kunikalisha chini. "Dada yangu, nyumba ya mtu aliyeokoka inawekaje mhudumu wa baa?" Nikamwuliza zabibu zake za Hombolo msimu huu amemwuzia nani. Alicheka mpaka akajishika mbavu, kwa sababu jibu kila mtu analijua: zabibu za Dodoma nyingi zinaishia kwenye mvinyo. Sisi Waanglikana wa huku wengi tulilelewa na watu wa uamsho, tone la pombe ni dhambi. Wakatoliki wa Bihawana wana mizabibu tangu enzi za wamisionari, na divai haijawahi kuwakosesha usingizi. Tunazikana nao, tunachangiana harusi, na sijasikia mtu akisema kumzika jirani ni kuibariki glasi yake. Kumbe kuvumiliana tunakujua, tena vizuri sana, pale tunapotaka.

Masharti yangu kwa wapangaji ni ya nyumba: kodi ya miezi mitatu mbele, mchango wa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa wakati, geti lifungwe, muziki uzimwe saa nne. Na huyo dada wa baa tumeshagombana kwa LUKU. Alikaa bila kuchangia huku feni yake ikizunguka mchana kutwa, tukafika mahali pa kusalimiana kwa mdomo tu. Nilimkaribisha kanisani. Akaniambia, "Mama, Jumapili ndiyo nalala." Basi. Hajaokoka, hajaacha kazi, na sitawadanganya wasomaji kwamba siku moja alinifanyia wema mkubwa nikapata somo. Ni mpangaji. Analipa, anasalimia, na ana haki ya kulala bila mimi kumgongea mlango na Biblia mkononi.

Wanaoniona nimelegea huwa nawasomea Wakorintho wa Kwanza, sura ya tano. Paulo ana kesi nzito pale: muumini anaishi na mke wa baba yake, na kanisa linajivuna. Paulo anaagiza atolewe. Lakini papo hapo anafafanua kwamba aliposema wasichangamane na wazinzi hakuwa na maana ya wazinzi wa dunia hii, wala wenye kutamani, wala wanyang'anyi, wala waabudu sanamu. Wangetaka kuwakwepa hao, ingewalazimu watoke duniani kabisa. Kisha anauliza: yanipasa nini kuwahukumu walio nje? Hao Mungu atawahukumu. Tena sura ya kumi anawaambia Wakorintho haohao kwamba asiyeamini akiwaalika chakula nao wakitaka kwenda, waende wale kilichowekwa mezani. Mkali ndani, mpole nje. Ndivyo ninavyomsoma.

Sisi tumepindua. Binti wa kwaya akipata mimba, habari inafika kwa wazee wa kanisa kabla tumbo halijaonekana. Anavuliwa joho, anasimamishwa Meza ya Bwana, na siku ya kurudishwa kundini anapigishwa magoti mbele ya watu ambao nusu yao wanahesabu miezi kwa vidole. Aliyempa mimba mara nyingi yumo humohumo, benchi la wanaume, anaimba pambio. Yupo pia yule baba ambaye hata watoto wa Sunday school wanajua ana nyumba ndogo upande wa pili wa mji. Huyo siku ya harambee ya mabati anaitwa mbele, anapigiwa vigelegele, anaombewa Bwana amzidishie. Mkiuita huo uvumilivu, basi uvumilivu wetu una bei, na binti wa kwaya hana hela ya kuulipia. Wala si ugonjwa wa Waanglikana peke yao. Mwaka 2013 Papa Fransisko aliwasema hadharani wale wanaomkatalia ubatizo mtoto kwa sababu mama yake hajaolewa: binti amekataa kutoa mimba, anakuja kanisani, anakuta mlango umefungwa.

Mfano unaonifundisha zaidi uko kwetu Ugogo, nao ni mitala. Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth, Uingereza, waliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe; afundishwe, asubiri. Wake zake waliweza kubatizwa katika mazingira fulani, yeye hapana. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walikwishafika Mpwapwa miaka ya 1870, na Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoanzishwa mwaka 1927 iliukuta uamuzi huo. Kwenye karatasi ni uamuzi wa kuitetea ndoa. Kijijini ulikuwa na sura nyingine.

Babu mmoja wa ukoo wetu, upande wa Bahi, alikuwa na wake wawili. Akaambiwa amwache wa pili ndipo abatizwe. Amwache aende wapi? Ng'ombe wa mahari walishagawanywa, wengine kwa baba wadogo, wengine kwa wajomba, wengine ukame ulishawamaliza. Kaka za huyo mke wasingeweza kuwarudisha, na wala wasingetaka. Bibi ana watoto, ana shamba la uwele alilolifyeka mwenyewe. Dhambi ya nani, na adhabu anaibeba nani? Babu alikataa. Akawa anakuja ibadani kila Jumapili, anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na ikifika Meza ya Bwana anatoka nje kuangalia baiskeli yake, ambayo hakuna aliyekuwa na haja ya kuiiba. Wainjilisti wakimsumbua alikuwa na kauli moja tu: "Nimfukuze huyu ili nimpendeze Mungu, halafu Mungu akiniuliza yuko wapi nimjibu nini?"

Ilichukua miaka 100. Mwaka 1988 Lambeth hiyohiyo ilisema ndoa ya mume mmoja na mke mmoja ndiyo mpango wa Mungu, halafu ikaruhusu mwenye mitala aliyeamini abatizwe pamoja na wake na watoto wake. Masharti yakawa aahidi kutooa tena wakati wake alio nao wangali hai, Waanglikana wa mahali pale waridhie, na asilazimishwe kumwacha mke yeyote, kwa sababu ya hasara ambayo mke huyo angeipata katika jamii. Lisomeni taratibu sharti hilo la mwisho. Mafundisho ya ndoa yalibaki palepale. Kilichokataliwa ni mwanamke asiye na kosa kulipia gharama za usafi wa kanisa. Babu alibatizwa akiwa ameshaanza kutembelea mkongojo, wake zake wote wawili wakiwa benchi la mbele, na nasikia bi mkubwa ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza.

Najua nyuma ya swali lenu kuna jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona, yaani mapenzi ya jinsia moja. Kanisa langu halijaficha msimamo wake. Mwishoni mwa mwaka 2006 maaskofu Waanglikana wa Tanzania walitangaza kwamba ushirika wao na Kanisa la Episkopo la Marekani, Waanglikana wenzao wa huko, umeharibika kwa ajili ya suala hilo, nami nasimama na mafundisho ya kanisa langu. Lakini azimio tunalolishikilia, lile la Lambeth la mwaka 1998, wengi wamelisoma nusu. Sentensi inayosema mwenendo huo haupatani na Maandiko ndiyo hiyohiyo inayowaagiza waumini kuwahudumia watu wote kichungaji, kulaani hofu isiyo na msingi dhidi ya watu hao, na kulaani ukatili ndani ya ndoa. Ukatili ndani ya ndoa, sentensi ileile! Mwaka huu mmesikia mahubiri mangapi juu ya lile la kwanza, na mangapi juu ya mshirika anayempiga mkewe Jumamosi na kupitisha sahani ya sadaka Jumapili? Mimi kuamini kwamba jambo ni dhambi hakunipi ruhusa ya kumpigia mtu yowe la mwizi, wala kumfukuza mwanangu nyumbani, wala kumnyima mgonjwa huduma.

Nisiwaelemee wazee peke yao. Vijana wetu nao wamelifanya "msihukumu" kuwa neno la kumziba kila mtu mdomo. Ukigusa chochote, "usinihukumu." Yesu katika Mathayo saba hakuishia hapo. Alisema itoe kwanza boriti katika jicho lako, ndipo uone vema kukitoa kibanzi katika jicho la ndugu yako. Kwa hiyo kibanzi kinatolewa. Kinatolewa kwa ndugu, na mtu aliyesogea karibu, siyo kwa spika iliyofungwa juu ya gari na kuelekezwa kwa abiria wanaosubiri daladala.

Wapo watakaouliza watoto wangu wanajifunza nini kwenye nyumba yenye mhudumu wa baa na wachumba sugu. Wanajifunza kumwamkia kila mtu mzima. Wakiniuliza kuhusu chumba cha kona, nawajibu wazi kwamba kwetu ndoa inatangulia, na kwamba wale si watoto wangu niwachape.

Kanisani kwetu nimeomba jambo moja liingizwe kwenye ajenda. Binti akisimamishwa ushirika kwa sababu ya mimba, mwanamume aliyehusika, kama ni mshirika, asimamishwe siku ileile na kwa barua ileile. Majina yasomwe yote mawili au lisisomwe hata moja. Kama si mshirika, tumwachie Mungu, kama Paulo alivyosema. Mwenyekiti amesema hoja ni nzito, inahitaji muda. Kikao kimesogezwa mpaka baada ya mavuno ya zabibu, kwa kuwa wazee wengi wako shambani.