Saa ya Uwanja wa Barafu: Wazazi Wanauliza

Maswali ya wiki hii ni ya Waswahili wa Marekani na Kanada wenye watoto kwenye hoki ya barafuni. Najibu kama mtunza saa wa kujitolea, msimu wa nne sasa, blanketi magotini.

*Mechi ya mwanangu wa miaka 11 ilikatizwa zikiwa zimebaki dakika 4, na tulikuwa nyuma kwa bao moja tu. Ni haki? (Mama wa winga, Minneapolis)*

Pole dada, lakini ndivyo ilivyo. Uwanja unakodishwa kwa saa, na timu inayofuata imeshafunga kamba za viatu. Hebu piga hesabu. Mmepewa dakika 60. Kupasha misuli 3. Vipindi vitatu vya dakika 12 ni 36, ila saa husimama kila filimbi ikilia, kwa hiyo kipindi kimoja huweza kula 18, hata 20. Na watoto bado hawajapeana mikono. Mkichelewa mwanzoni, anayelipa ni kipindi cha tatu.

Mimi, kabla ya kipindi hicho, natazama saa ya ukutani, natoa dakika 2 za kutoka uwanjani, kisha nawaambia refa na makocha wote wawili muda uliobaki. Refa akikubali, ubaoni naandika huo huo. Mtoto akiona 7:00 anajua ana 7. Kinachouma ni kuona 4:00 halafu anaambiwa basi. Niliwahi kumwona kipa akilia kwa jambo hilo, hajavua hata kofia.

*Muda unapotelea wapi hasa? (Kocha msaidizi, Ottawa)*

Mlangoni kwa benchi, kaka. Filimbi imelia, watano wanatoka, sita wanaingia, mmoja anarudishwa, mwingine kasahau gongo, na refa kasimama na kisahani, kile kinachopigwa kwa magongo, mkononi akingoja kukidondosha. Taja watakaoingia mchezo ukiendelea, na mtu mzima mmoja aushike huo mlango.

*Mjukuu wangu ana miaka 7. Mbona wanapigiwa honi kila baada ya dakika moja? (Bibi, Columbus)*

Shikamoo bibi. Hao wadogo hucheza kwenye sehemu tu ya uwanja, na saa haisimami. Honi ikilia wanabadilishana wote, ili hata anayeteleza kwa shida apate zamu sawa. Mabao hayaandikwi. Ila muulize mjukuu, atakutajia yote.

*Tukifungwa mengi saa huachwa ikimbie bila kusimama kwenye filimbi. Adhabu ya mchezaji kukaa nje dakika 2 je? (Baba, Edmonton)*

Inategemea ligi. Nyingine huifanya 3, maana saa ikikimbia, 2 huisha haraka mno. Uliza kabla ya mechi.

*Tukiacha kulainisha barafu kati ya vipindi, tunaokoa kiasi gani? (Meneja wa timu, Ottawa)*

Dakika 10 na zaidi kila mara, na mechi nyingi za watoto huacha. Mashine ya kulainisha barafu, aliyoiunda Frank Zamboni kule California mwaka 1949, haiharakishwi. Dereva wetu huiwasha mapema na kusubiri getini. Nikisikia inanguruma, najua nimebakiwa na dakika 2.