Kinga ilikuwa ndani ya boksi la spana

Kaa siku moja kwenye karakana yoyote ya kuchomelea hapa Mwanza, iwe Nyakato, Igoma au Mabatini, lazima utaisikia: "Ajali haina kinga." Mtu kakatwa kidole, ajali haina kinga. Cheche imeingia jichoni, ajali haina kinga. Nami niliisema miaka mingi, mpaka alasiri moja ya Alhamisi nilipopiga magoti kwenye damu ya kijana wetu nikakumbuka kwamba kinga ilikuwepo. Ilikuwa chini ya meza, ndani ya boksi la spana. Aliyeifungua kwenye grainda, ile mashine ya mkono ya kukatia chuma, na kuitupa mle ni mimi.

Siku ile umeme ulikatika tangu asubuhi, ukarudi saa nane mchana. Mteja alikuwa anahamia nyumba yake Buhongwa kesho yake, akataka geti lake jioni hiyohiyo. Mawe madogo ya kukatia, yale ya duara yanayofungwa kwenye grainda, ya inchi 4 na nusu, yalikuwa yameisha tangu Jumanne. Yalikuwepo ya inchi 9, lakini grainda yake kubwa ilikuwa kwa fundi inabadilishwa kaboni. Kijana akachukua jiwe kubwa akalifunga kwenye grainda ndogo, kama alivyotuona wakubwa zake tukifanya. Alikata vyuma vinne salama. Kwenye cha tano jiwe likapasuka. Nilisikia mlio kama bati limepigwa nyundo, nikageuka, nikamwona amekaa chini anautazama mkono wake wa kushoto bila kusema neno. Tuliufunga kwa fulana yake, nikapanda naye bodaboda nikiuinua ule mkono juu njia nzima mpaka hospitali. Kidonda kilipona. Vidole viwili havikunjiki mpaka leo.

Tundu la katikati la jiwe la inchi 9 na la inchi 4 na nusu ni saizi moja. Ndiyo maana linaingia bila shida, na huo ndio mtego wenyewe. Grainda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Jiwe kubwa limetengenezwa lihimili kama 6,600, na namba hiyo imeandikwa juu ya karatasi ya jiwe lenyewe. Ukiliwasha kwenye mashine ndogo, unalizungusha zaidi ya mara moja na nusu ya uwezo wake. Na ili lienee, lazima kwanza uondoe kava, yaani ile kinga, kwa sababu haiwezi kulifunika. Kwa hiyo jiwe linalotaka kupasuka linakaa kwenye mashine isiyo na kitu cha kuzuia vipande. Ukilitazama vizuri utaona pia pete ndogo ya chuma katikati imegongwa mwezi na mwaka. Ni tarehe ya mwisho ya kulitumia. Gundi inayoshika jiwe huchoka, na unyevu huiharibu mapema. Ya kwetu tulikuwa tunayalaza sakafuni, kando ya pipa la maji.

Bosi aliporudi alisema neno moja: "Mzembe." Sikumjibu, lakini usiku ule sikulala. Nilijiuliza swali moja na kila jibu likazaa swali jingine. Kwa nini alitumia jiwe kubwa? Madogo yaliisha. Kwa nini yaliisha siku mbili hakuna aliyenunua? Kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kuhesabu, tunanunua mpaka tukwame. Kwa nini kava haikuwepo? Niliiondoa miezi mitano nyuma ili nifikie kona ya dirisha, sikuirudisha. Kwa nini hakukataa? Nani angemwelewa, kijana wa kulipwa kwa siku, mbele ya mteja anayepiga simu kila nusu saa?

Wenzangu wa ziwani watanielewa nikisema hivi. Chukua nyavu nne, kila moja ina tundu mahali pake. Ukizipanga, samaki akipita ya kwanza atakamatwa ya pili. Lakini siku matundu yote yakiangukia mstari mmoja, anapita zote. Kuisha kwa mawe ni tundu. Kava kwenye boksi ni tundu. Haraka ya mteja ni tundu. Kijana kuogopa kusema ni tundu. Ungeziba moja tu kati ya hayo, Alhamisi ile ingekuwa siku ya kawaida.

Jambo lililoniumiza zaidi nililikumbuka baadaye. Wiki mbili kabla, kipande cha jiwe kilikuwa kimeruka kikatoboa bati la banda, karibu na mama anayetuletea chai. Tulishangilia kwamba hakuna aliyeumia, tukarudi kazini. Yule mama alisema, "Kaka, hilo dude lenu siku moja litaua mtu." Yeye aliiona hatari kwa sababu haishi nayo. Sisi tulishaizoea.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, kuliko kofia na glavu na buti zote, ni daftari. Letu ni la kurasa 96, limefungwa kwa kamba kwenye nguzo, na tunaliita daftari la nusura. Chochote kilichokaribia kuumiza mtu kinaandikwa: siku, mahali, kilichotokea. Hatuandiki jina la aliyefanya. Hapo bosi alibisha sana, nami nikashikilia, maana siku utakapomkata mtu mshahara kwa alichoandika, daftari limekufa. Taarifa moja ya mwanzo ilisomeka hivi: "Waya wa mashine umechubuka karibu na mlango, nimepigwa shoti kidogo, sakafu ilikuwa na maji." Mistari miwili tu. Waya ule ulikuwa umechubuka tangu masika, na kila mmoja wetu alikuwa anauruka. Ulibadilishwa siku hiyohiyo.

Kuhusu vifaa vya kujikinga nina neno. Vaa, lakini visiwe vitu vya kwanza unavyokimbilia. Anza kuuliza kama hatari yenyewe inaweza kuondoka. Tulikuwa tunaletewa mapipa matupu tukate majiko ya kubanikia samaki. Pipa lililobeba petroli au thina, hata likikauka, bado lina mvuke ndani, na mvuke huo ukichanganyika na hewa hulipuka kwa cheche moja. Siku hizi pipa la namna hiyo tunalikataa mlangoni, mteja anune au asinune. Hakuna glavu itakayokusaidia hapo. Tena glavu yenyewe ina mahali pake: kwenye drili ya kusimama ivue, kwa sababu drili ikiikamata inavuta na mkono.

Na maziwa, jamani. Mafundi wengi tunaamini ukishachomelea mabomba ya zinki ukanywa maziwa, moshi unatoka. Moshi umeingia mapafuni, maziwa yanaenda tumboni. Ile homa na baridi ya usiku baada ya kuchomelea zinki haizuiwi na glasi ya maziwa. Kwangua zinki pale unapochomelea, fanyia kazi nje, upepo wa ziwa ukupige mgongoni uupeleke moshi mbele yako.

Kwa wenye karakana: nchi yetu ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, na ofisi yao ya Kanda ya Ziwa iko hapahapa Mwanza. Kuna pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango unatoka kwa mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi kitu. Mtu akiumia, mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 7. Sisi hatukuwa tumejisajili. Matibabu ya kijana tulichangishana kwenye kofia, na wiki alizolala nyumbani mama yake ndiye aliyemlisha kwa kuuza dagaa Kirumba. Nilikwenda kumwona mara tatu. Mara zote mama aliniandalia chai, na mara zote ilinishinda kuimaliza.

Alirudi baada ya miezi minne. Kuchomelea hawezi tena vizuri, kwa hiyo yeye ndiye mtunza stoo. Mawe yako kwenye rafu, mbali na maji, na yakibaki kumi ananunua bila kumsubiri mtu. Sharti lake ni moja: ukitaka jiwe, njoo na grainda yako aione.

Jumamosi iliyopita fundi mmoja, mtu mzima kuliko mimi, alikwenda dirishani na mashine isiyo na kava. Alisema ana kazi ya dakika tano tu. Kijana akaipokea grainda kwa mkono wake wa kushoto, akaigeuza, akamrudishia.

"Shikamoo, mzee wangu. Kava iko wapi?"

Mzee aliutazama ule mkono, akaenda kuitafuta.